Sikukuu ya Nyerere: fulana umevaa, risiti unayo?

Na Mwandishi Wetu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri ya Oktoba 14, Dar es Salaam huwa na watu wa aina mbili barabarani. Wa kwanza wanarudi. Viatu mkononi, macho mekundu, muziki wa jana bado unawalia kichwani. Wa pili ndio kwanza wanakwenda. Fulana mpya, namba imebanwa kifuani kwa pini, raba zimefungwa kamba mara mbili. Wakikutana kwenye kona ya Oysterbay wanatazamana, kila mmoja anamwona mwenzake chizi.

Waulize wote wawili leo ni siku gani, watakujibu upesi: Siku ya Nyerere. Sasa waulize la pili. Wewe unayerudi, ulikuwa unasherehekea nini? Na wewe unayekwenda kukimbia, hela uliyolipa inamfikia nani? Hapo ndipo utaona watu wanakuna vichwa.

Sisemi hivi kumcheka mtu, jamani. Nimewahi kuwa kundi la kwanza, nimewahi kuwa kundi la pili, na mwaka mmoja, Mungu anisamehe, nilikuwa kwenye makundi yote mawili asubuhi hiyohiyo. Lakini mtu mzima hufika mahali akajiuliza: hivi hii wikiendi ya mapumziko ni ya nini hasa? Ya kulala? Ya kujirusha? Ya kusikiliza hotuba kwenye redio ya jirani?

Tuanze na tarehe yenyewe. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alifariki dunia Oktoba 14, 1999, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, kwa saratani ya damu. Waliokuwa na akili zao siku ile wanakumbuka walikuwa wamesimama wapi Rais Benjamin Mkapa alipolitangazia taifa. Wewe msomaji wangu wa miaka ishirini na kitu ama ulikuwa mgongoni kwa mama, ama hata hujazaliwa. Kwako wewe Oktoba 14 ni siku nyekundu kwenye kalenda, siku ya kilele cha Mbio za Mwenge, na ikiangukia Ijumaa kama 2022 au Jumatatu kama 2024, basi tena! Siku tatu mfululizo. Bagamoyo wanakusubiri, Kigamboni wanakusubiri, na kitanda nacho kinakusubiri.

Raha si dhambi. Lakini ngoja nikupe stori moja ya wikiendi, halafu uamue mwenyewe.

MIGUU YA KUTOKA PUGU

Oktoba 1952 kijana mmoja alirudi nyumbani kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, akiwa na shahada ya MA. Mwaka uliofuata akaoa, akapata kazi ya ualimu St Francis, Pugu. Kazi nzuri, mshahara wa uhakika, nyumba ya mwalimu. Kwa kijana mwenye elimu wa enzi zile, maisha yalikuwa yameshanyooka. Angeweza kutulia kule Pugu akasahihisha madaftari mpaka uzeeni.

Hakutulia. Aprili 1953 akachaguliwa rais wa TAA, chama kilichokuwa na ofisi mjini, mtaa wa New Street, ambao leo tunauita Lumumba. Ofisi mjini, mwenye ofisi yuko Pugu. Mwendokasi haupo, bodaboda haipo, wala simu ya kumwambia mtu "nipo njiani" wakati hata hujaoga. Wazee wa Kariakoo wamesimulia mara nyingi jinsi mwalimu yule alivyokuwa akiingia mjini siku za mapumziko, mara kwa lifti, mara kwa miguu yake mwenyewe, akakaa kwenye mabaraza ya wenyeji wake wakapanga mambo, kisha akarudi zake. Jumatatu asubuhi wanafunzi wanamsubiri darasani.

Kutoka Pugu hadi Kariakoo ni kilomita 20 na ushei. Sasa wewe mkimbiaji, nusu marathoni ni kilomita ngapi? Ni 21 na vijimita. Umeona? Unachokimbia Oktoba 14 ukiwa na maji kila baada ya kilomita chache na watu wa kukupigia makofi, ni kama njia ileile aliyoizoea mtu wa siku hiyo. Tofauti ni kwamba yeye mwisho wa safari hakuvishwa medali. Alikuta kikao.

Na wikiendi zile zilizaa matunda. Julai 7, 1954, watu 17 walikutana wakaanzisha TANU. Ndiyo hiyo Saba Saba unayokwenda kununulia sufuria na kula barafu kila mwaka. Machi 1955, alipotakiwa kuchagua kati ya siasa na ualimu, akaacha kazi. Mshahara ukakatika hapohapo. Mama Maria akawa anaendesha kiduka kidogo ili watoto wale. Nyumba waliyokuja kuishi Magomeni ipo mpaka leo, imehifadhiwa kama makumbusho. Ni nyumba ya kawaida kabisa, ya Magomeni. Wangapi tunapita karibu yake kila siku ndani ya mwendokasi, tumeinamia simu?

NCHI YA MICHANGO

Hapo patamu zaidi, maana sasa tunaingia kwenye hela.

Sisi Wabongo kwa michango hatujambo. Mtu akikwambia "naoa", kabla hujampongeza unajua kadi inakuja. Kadi ya mtu mmoja bei hii, kadi ya wawili bei ile. Utaingizwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa, kutakuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kila jioni orodha itabandikwa: nani ametoa, nani ameahidi, nani kajificha. Ukijificha sana shangazi wa bwana harusi anakupigia mwenyewe. Na tunatoa! Tunalalamika, tunasonya, lakini tunatoa. Harusi ya mjini haijawahi kukwama kwa kukosa mchango.

Basi ujue kwamba hata uhuru wa nchi hii ulichangiwa vilevile. Machi 7, 1955, Nyerere alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuieleza dunia kwamba Tanganyika ni nchi ya udhamini, si mali ya Mwingereza, na siku moja itajitawala. Hotuba hiyo inatajwa vitabuni. Nauli ya ndege haitajwi sana. TANU wakati ule haikuwa imetimiza hata mwaka, haikuwa na ruzuku wala mfadhili wa nje. Nauli ilitoka mifukoni mwa watu. Ilichangishwa.

Walikuwepo wenye uwezo wao. Mzee John Rupia, mfanyabiashara, mmoja wa wale 17, alitoa fungu nono mara nyingi. Dossa Aziz, naye mmoja wa wale 17, alitoa mpaka gari. Lakini walikuwepo pia makuli, wapishi, mafundi cherehani, wauza samaki na mama wa vitumbua, waliotoa senti ambazo hazikuandikwa kwenye kitabu chochote cha historia. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wale walikuwa wanaishi ndani ya msemo huo.

KINA MAMA WA MJINI

Halafu kuna kundi ambalo Oktoba 14 husahaulika mno. Mwaka 1955 TANU ilikuwa ni kikao cha wanaume. Ndipo akaibuka mama mmoja wa Dar es Salaam, mwimbaji wa ngoma, hakuwa na shahada, hakuwa na cheo, lakini alikuwa na sauti na alijua watu. Bibi Titi Mohamed.

Fikiri kijanja alichofanya. Hakwenda kuwaita wanawake ofisini. Aliwafuata walipo. Dar ya miaka ile ilikuwa na vikundi vya ngoma vya kina mama, vya lelemama na vinginevyo, vyenye viongozi wao, sare zao na watani wao. Bibi Titi aliongea na viongozi wa vikundi, vikundi vikaongea na wanachama, na ilipofika Oktoba 1955 kina mama kama 5,000 walikuwa wamejiunga na TANU. Elfu tano! Kwenye mji ambao ulikuwa mdogo kuliko hii Dar yako, bila simu, bila tangazo la redio. Ngoma zilezile za kustarehesha ndizo zilizogeuzwa kuwa mtandao wa kuuza kadi na kukusanya fedha.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema starehe na kazi ya maana haviendi pamoja, mwambie amuulize Bibi Titi. Viliendana, tena vizuri. Ngoma ilipigwa, watu wakacheza, na sinia likapita.

Maisha hayakumtendea kwa ulaini. Mwaka 1969 alikamatwa, 1970 akashtakiwa kwa uhaini, baadaye akahukumiwa kifungo cha maisha, na 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais, ambaye alikuwa ni huyohuyo Mwalimu. Miaka mingi akaishi kimya kimya hapahapa mjini. Alifariki Novemba 2000, mwaka mmoja tu na siku chache baada ya Mwalimu. Leo jina lake liko kwenye barabara kubwa inayopita ubavuni mwa Mnazi Mmoja. Unashuka hapo, unavuka hapo, unanunua miwa hapo. Mtoto akikuuliza Bibi Titi ni nani, usiseme "ni kituo cha daladala". Tafadhali.

MWEKA HAZINA NILIKUWA MIMI

Sasa niwape aibu yangu, maana siwezi kuwasema wengine nikajiacha.

Miaka kadhaa iliyopita, mtaani kwetu, ambako sitapataja, tuliamua wikiendi ya Oktoba 14 tufanye bonanza la kuchangia kituo cha watoto yatima. Vijana tulipania kwelikweli. Kamati ikaundwa. Nikapewa uweka hazina kwa sababu, walisema, mimi ni mtu wa kalamu. Tukapita nyumba kwa nyumba, duka kwa duka, hata kwa wauza mkaa. Watu wakatoa. Bibi mmoja muuza maandazi alinipa shilingi 500 na andazi, akasema andazi ni langu, 500 ni ya watoto.

Jumla ikapatikana shilingi 940,000. Kwetu sisi zilikuwa hela nyingi.

Siku ikafika, shughuli ikawa pevu. Maveterani walicheza na vijana, wakafungwa bao nne na kusingizia refa. Kulikuwa na mbio za magunia, kuvuta kamba, kukimbiza kuku. Kuku wenyewe walishinda. Spika ziliunguruma mpaka mtaa wa tatu. Kila mtu alisema hajawahi kuona bonanza kama lile.

Jioni tukakaa kuhesabu. Spika na DJ 200,000. Turubai na viti 150,000. Fulana za kamati na wachezaji 250,000. Pilau na vinywaji vya wageni rasmi 255,000. Kilichobaki: 85,000.

Tukatazamana. Hakuna aliyeiba hata senti, naapa. Kila shilingi ilikwenda kwenye kitu tulichokiona kwa macho na kukila kwa midomo. Lakini watu walichangia yatima, si pilau. Kesho yake tukanunua sabuni, mafuta ya kula na biskuti, tukazipakia kwenye bajaji moja, na bajaji haikujaa.

Mlezi wa kituo alitupokea kwa mikono miwili. Hakuguna. Alitoa daftari kubwa la kaunta, akapiga mstari kwa rula, akaandika tarehe, akaandika sabuni ngapi, mafuta lita ngapi, biskuti paketi ngapi. Kisha akanigeuzia nisaini, akanipa na karatasi ya kupokelea. Yule mama, mwenye watoto wa kulisha na paa linalovuja, alikuwa na risiti ya biskuti zetu. Mimi, mtu wa kalamu, sikuwa na risiti hata moja ya ile 855,000. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile niliuelewa msemo huo mpaka magotini.

Ile 500 ya bibi wa maandazi mpaka leo sijui ilinunua nini. Nadhani ilikuwa soda ya mgeni rasmi.

Na kuna la pili, linaloniuma zaidi. Tulikuwa tumemwalika mzee mmoja wa mtaani, mwenyeji wa zamani, aje atusimulie mji ulivyokuwa wakati wa kudai uhuru. Alikuja mapema kuliko wote. Kanzu nyeupe, kofia, bakora. Akakalishwa mbele. Saa sita tukasema tutampa maiki baada ya mechi. Baada ya mechi tukasema baada ya kuku. Baada ya kuku DJ akasema watu wanataka kucheza. Giza lilipoingia nilimfuata nikampa shikamoo, nikamwomba radhi. Akacheka, akanipiga begani, akasema basi, sikukuu ijayo, mwanangu.

Sikukuu iliyofuata tulikuwa tumeshamzika. Bango letu lilikuwa na picha kubwa ya Mwalimu, na kutwa nzima hakuna aliyemtaja. Aliyekuwa na la kumwambia mtu kuhusu siku hizo aliondoka nalo.

NA HAWA WAKUBWA JE?

Turudi kwa wale wa alfajiri, wenye namba kifuani. Mbio za hisani sasa zimekuwa utamaduni wa mjini. Rotary Dar Marathon, inayofanyika Siku ya Nyerere, ilianza 2009 kama matembezi ya hisani, ikakua mpaka kuwa na mbio, matembezi na baiskeli. Tangu 2020 kuna mbio za CRDB zilizobeba ajenda ya matibabu ya moyo ya watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mwaka huohuo 2020 zikaanza mbio za NBC kule Dodoma, ajenda yake saratani ya mlango wa kizazi. Na kabla ya hizo zote, tangu 2002, kuna Kili Challenge, watu wanapanda Kilimanjaro kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI. Mlima uleule ambao Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha Mwenge kileleni usiku wa uhuru, Desemba 1961.

Angalia kitu kimoja kinachofanana humo. Kila moja ina jambo linalotajika. Moyo wa mtoto. Saratani ya mama. UKIMWI. Haisemi tu "kusaidia jamii". Maneno kama "kusaidia jamii" ni gunia lisilo na kitako, unaweza kutia chochote na kisionekane kilipodondokea.

Na fahamu jinsi hela inavyotembea, usije ukamwonea mtu. Mbio zina gharama: maji, gari la wagonjwa, askari wa kuzuia magari, medali, fulana, vyoo vya kukodi. Hizo lazima zilipwe. Utaratibu mzuri ni wadhamini wabebe gharama, halafu ada za wakimbiaji ziende kwenye lengo. Kama wadhamini ni wachache, sehemu ya ada yako itakwenda kwenye maji uliyokunywa. Si wizi. Wizi ni kutokusema. Mwandaaji mwaminifu atakwambia mapema: kilichopatikana ni hiki, kilichotumika ni hiki, kilichokabidhiwa ni hiki, na aliyepokea ni fulani.

Kwa hiyo kabla hujalipia fulana, uliza maswali matatu tu. Hela inakwenda kwa nani, kwa jina? Gharama anazibeba nani? Na ya mwaka jana ilifanya nini? Akijibu yote matatu, funga kamba za raba, kimbia. Akikujibu kwa kukuonyesha picha za mgeni rasmi, rudi kitandani, umeokoa hela.

UKITAKA KUFANYA MTAANI KWAKO

Najua wengine mnasema, aah, mambo ya marathoni ni ya watu wa Masaki. Nani kakwambia? TANU haikuanzia Masaki. Hata shilingi elfu hamsini ikisimamiwa inafanya kitu. Haya ni niliyojifunza kwa kuumbuka:

Moja. Chagueni jambo moja dogo linaloweza kumalizika. Madawati matano ya shule ya mtaa. Bima ya afya ya familia moja. Bati za choo cha zahanati. Likiisha, watu walione kwa macho.

Mbili. Mwoneni mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla ya kupita kuchangisha. Mkipita bila yeye kujua, mtaani mtaitwa matapeli, na mtakuwa mmejitakia.

Tatu. Tengeni fungu la watoto kwanza, kabla ya spika. Hii ndiyo siri yote. Sisi tulianza na spika. Mkitenga fungu kwanza, mtashangaa jinsi spika ndogo ya jirani inavyotosha, na jinsi kila mtu anavyoweza kuja na fulana yake ya kijani kutoka nyumbani.

Nne. Watu wawili wahesabu, wa tatu aandike. Wiki ijayo karatasi ibandikwe dukani kwa Mangi: mapato, matumizi, salio. Hata kama mlinunua kuku wa kukimbiza, aandikwe. Mwaka unaofuata mkirudi, watu wenyewe ndio watawauliza mbona mmechelewa.

Tano. Mzee apewe maiki kwanza. Si baada ya mechi. Kwanza, wakati watu bado wana utulivu na DJ hajapata moto. Dakika kumi tu. Mmoja wenu amrekodi kwa simu, na ile sauti itunzwe, isiishie kufutwa kupisha video za vichekesho. Muulizeni mtaa uliitwaje zamani, nani alikuwa wa kwanza kujenga, ngoma zilipigwa wapi, kadi ya chama aliipata kwa nani. Kila mtaa wa Dar una mtu wa namna hiyo, na kila mwaka wanapungua.

Sita, kwa wale ambao mfuko umetoboka kabisa: damu. Kama una miaka 18 au zaidi, uzito wako ni kilo 50 na kuendelea na afya ni nzuri, nenda kituo cha Damu Salama. Mwanaume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Hulipi ada, hununui fulana. Ukimaliza unapewa soda, na hiyo soda ni halali yako.

Nimalizie na wale wawili tuliowaacha kwenye kona ya Oysterbay, mmoja anarudi na mwingine anakwenda. Sina ugomvi na yeyote. Anayerudi alikuwa anacheza, na nchi hii ilidaiwa huku ngoma inapigwa. Anayekwenda anatumia miguu, na nchi hii ilidaiwa kwa miguu ya kutoka Pugu. Kilichowafanya wale wa 1955 wasimame mbele ya dunia ni kwamba hela ya mama wa vitumbua ilifika New York. Haikuishia kwenye pilau.

Mwaka huu, mtaani kwetu, tumekubaliana kujaribu tena. Uweka hazina nimekataa, nimepewa kazi ya kuandika karatasi ya dukani. Jumamosi iliyopita nilipitia kwa bibi wa maandazi kumwomba mchango. Amezeeka sasa, lakini bado anachoma. Aliniangalia sana, nikadhani amenisahau.

"Ile ya safari ile," akaniuliza, "watoto waliipata?"

Nikamwambia ukweli. Akanyamaza kidogo, akafungua pochi, akatoa elfu moja.

"Hii uiandike."

Nimeiandika. Ni mstari wa kwanza kwenye daftari.